Picha ya Ishirini na Tatu

Nilizihesabu taa za Bukoba kutoka angani mara mbili, kama ninavyohesabu kila kitu. Mara ya kwanza nilifika tisini na kitu, nikapotea maeneo ya sokoni ambako zilikuwa zimesongamana. Nikaanza upya. Mara ya pili nilipata moja.

Nikisema hivyo watu hudhani nilikuwa nimelewa. Sikuwa nimelewa. Nilikuwa mfiwa, na jioni ile ilikuwa ya nne tangu baba afariki.

Miaka ile mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Mimi nilikuwa mpiga picha mjini, katika chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa. Nilikuwa na pazia lililochorwa mlima wenye theluji, mlima ambao hakuna hata mteja wangu mmoja aliyewahi kuuona, lakini wote walitaka kupigwa mbele yake. Kazi kubwa ilikuwa picha za kadi na za arusi. Nilikuwa na kamera mbili. Ya pili niliinunua kwa padri mmoja aliyekuwa akirudi kwao Ulaya. Tulipatana bei wiki tatu mpaka mwisho akasema ananiombea. Ilikuwa na lenzi yenye jicho pana, inayoweza kupiga mahali penye mwanga mdogo, na hiyo ndiyo iliyoniponza.

Baba alikuwa mkulima wa Kitendaguro, migomba na kahawa, mtu wa misa ya kwanza kila Jumapili. Aliugua tumbo mwezi mzima. Asubuhi aliyokufa mimi nilikuwa ndani ya chumba cha giza nikisafisha picha za arusi. Mdogo wangu akagonga mlango na kusema baba amekwisha. Nikamjibu nisubiri dakika nne. Ukifungua mlango kabla ya wakati picha zote zinaungua kwa mwanga, na arusi ya watu hairudiwi. Nilisimama mle gizani nikahesabu dakika nne, halafu nikazihesabu tena kwa sababu sikuwa na uhakika kama nilikuwa nikihesabu kweli. Ndipo nikatoka. Picha zilitoka vizuri.

Kwetu mtu akifa, moto unawashwa uani, mbele ya nyumba, na hauzimwi mpaka siku ya kuanua matanga. Wanaume wanauzunguka usiku kucha, wanawake wanalala ndani juu ya nyasi zilizotandikwa sakafuni. Hakuna anayeshika jembe. Ukoo ulipanga usiku nne. Mimi nikiwa mtoto wa kwanza wa kiume ndiye niliyetazamiwa kuwa musika, yaani mrithi wa kiti. Asubuhi baada ya usiku wa nne ningekalishwa kwenye kigoda cha baba, na nyumba pamoja na kibanja cha juu, alikozikwa, vingekuwa mkononi mwangu. Sharti lilikuwa moja tu, na kila mtu alilijua: musika anakaa usiku wote kwenye moto wa baba yake, na moto hauzimiki.

Nilikaa usiku tatu. Watu walilia, tena walilia kweli, wengine ambao baba hakuwahi kuwapenda. Mimi nilihesabu. Nilihesabu viti, nikahesabu magogo, nikahesabu wazee waliokuwa wakisinzia na waliokuwa wakijifanya kusinzia. Nilingoja kitu kinipande kifuani kama kilivyowapanda wengine. Hakikuja. Mdogo wangu alikuwa amevimba macho, na mimi nilikuwa najua idadi ya magogo.

Siku ya nne, mchana, akaja bwana mmoja wa ofisi kwa baiskeli. Alitoa pole kwa kila mtu kwa zamu, akala, akanawa, halafu akaja kuchuchumaa karibu yangu na kunong'ona kama mtu anayeuza kahawa ya magendo. Ndege ndogo iko uwanjani. Imekuja kupima ardhi, inaondoka leo jioni. Rubani amekubali kuzunguka juu ya mji giza likiingia, mara moja tu. Wanataka picha ya Bukoba usiku, taa zote zinawaka, iende Dar es Salaam kwenye maonyesho ya sherehe za Uhuru. Mikoa yote inapeleka picha ya maendeleo yake. Mwingine anapeleka kiwanda, mwingine daraja. Sisi tuna umeme.

Nikamwambia mimi ni mfiwa. Akasema anajua, ndiyo maana amekula kwanza. Halafu akasema hakuna lenzi nyingine kama ile mjini, na hilo lilikuwa kweli.

Nikamuuliza nitarudi saa ngapi. Akatazama chini. Uwanja wetu haukuwa na taa. Ndege ikishapiga picha ya taa haiwezi kutua penye giza, kwa hiyo ingekwenda kulala Mwanza na kunirudisha asubuhi.

Ningeweza kukataa. Hakuna ambaye angenilaumu, hata yule bwana. Nimeshawaambia watu kwamba ilikuwa kazi ya serikali na nisingeweza kuikataa, na nimelisema mara nyingi mpaka limekaa vizuri mdomoni. Ukweli ni kwamba nilitaka kuondoka kwenye ule moto. Nilichoka kutazamwa na watu wanaongoja machozi yangu.

Nikaenda kwa baba mdogo. Ndiye aliyeshika mambo ya ukoo tangu baba alazwe, mtu wa maneno machache ambayo alikuwa ameyanoa. Nikapiga goti, nikamwita waitu, neno letu la heshima.

"Baba waitu, naomba usiku mmoja."

"Zilikuwa nne. Unataka kununua mmoja?"

Nikamweleza. Nikamwambia nitarudi asubuhi na mapema. Akasema moto haujui mambo ya asubuhi. Nikamwambia mdogo wangu anaweza kukaa mahali pangu. Akasema huyo ana mahali pake, hawezi kukaa pawili. Nikasema nitakesha usiku mbili zaidi baada ya kurudi, mbili kwa mmoja, na palepale nikajisikia sauti yangu ya sokoni, nikanyamaza.

Shangazi ndiye aliyetuamua. Alikuwa dada mkubwa wa baba, ameolewa Muleba, mwanamke mfupi, mkavu, aliyekuja kwa basi na mkungu wa ndizi kichwani na hakuwa amekaa kitako tangu afike. Alikuwa anapita na kuni. Akazishusha.

"Nitakaa mimi."

Baba mdogo akacheka kwa pua. Mwanamke kwenye moto wa wanaume?

"Huyu marehemu nilimbeba mgongoni kabla wewe hujazaliwa," shangazi akasema. "Niambie ni moto gani nyumba hii ambao sikuuwasha mimi."

Wazee wawili wakacheka, na baba mdogo akaona kwamba bei imeshapanda. Tukakubaliana mbele yao. Shangazi atakaa mahali pangu. Moto ukifika asubuhi, usiku wangu utahesabiwa. Ukizimika, sihesabiwi. Nikarudia masharti mara mbili ili yasije yakabadilika nikiwa sipo. Nikachukua mfuko wangu wa kamera nikapanda nyuma ya baiskeli ya yule bwana.

Njiani tulipishana na gari la kipaza sauti. Lilikuwa likizunguka tangu asubuhi likiwatangazia wananchi kwamba jioni, watakaposikia ndege, wawashe kila taa waliyonayo, ya umeme, kandili, karabai, hata koroboi, na wafungue madirisha. Lilitangaza kwa Kiswahili kizuri cha redio. Bwana wa ofisi alifurahi. Akaniambia leo utapiga mji mpaka filamu ikuishie.

Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria tangazo lile linasikikaje masikioni mwa mtu aliye ndani ya nyumba. Na mimi, mtoto wa mjini ninayejidai kujua bei ya kila kitu, nilipaswa kufikiria.

Kwa sababu kabla ya hapo ndege za nchi jirani zilikuwa zimeshapita juu yetu na kudondosha mabomu. Watu walikuwa wamefundishwa, wakafundishika: ukisikia ndege, zima. Balozi wetu wa nyumba kumi, jirani ya baba, alikuwa wa kwanza Kitendaguro kuchimba handaki katikati ya migomba yake, na alilifagia kila Jumamosi. Sasa linakuja gari lisilojulikana, na sauti isiyo na lafudhi ya Kihaya hata kidogo, linasema mkisikia ndege washeni taa na fungueni madirisha. Mtu mwenye akili ataelewa nini? Nyumba kwa nyumba walilipima tangazo hilo, na kila nyumba ikafikia jibu lilelile: adui amepata kipaza sauti.

Ndege ilikuwa ndogo, mabawa juu. Nilimuuliza rubani ina injini ngapi. Akasema moja. Nikamuuliza tena. Akasema bado ni moja. Alikuwa mtu wa Tanga, mcheshi, aliyeniita bwana harusi kwa sababu ya suti yangu nyeusi ya msiba, mpaka nilipomwambia suti ni ya nini. Baada ya hapo aliniita mzee.

Tuliruka jua likiwa linazama. Rubani akaipeleka ndege juu ya ziwa, kaskazini, tukazunguka huko tukingoja giza. Dirisha la upande wangu lilifunguka kwa kuinuliwa juu, na upepo ukaingia wa baridi kama maji ya kisima. Nilikuwa nimefunga pete ya lenzi kwa plasta ya kidonda ili isisogee kutoka kwenye alama ya vitu vya mbali kabisa. Nilimwomba rubani azime taa zake ndogo za ndani kila nitakapomgusa bega, maana mwanga kidogo tu ukigonga kioo, picha yote inakuwa ya kioo. Usiegemeze kiwiko popote. Ndege inatetemeka, na ukiegemea unatetemeka nayo, na kila taa inakuwa mnyoo. Unabana mikono mbavuni, unashika pumzi, unapiga. Nilikuwa na filamu moja tu ya kasi, ile ya kupigia gizani, picha thelathini na sita. Ukiiingiza kwa ubahili unapata thelathini na saba.

Giza lilipoiva tukageuka na kuujia mji kutoka kaskazini, juu ya maji. Ndiko hasa zilikotokea zile ndege za mabomu.

Ulikuwa mzuri. Nasema hivi kama mtu anayeisoma bei kwenye karatasi: ulikuwa mzuri. Kamba ya taa kando ya ziwa, kifundo sokoni, misheni peke yake kama mtu aliyejitenga, halafu nukta za mlimani moja moja mpaka huko Kitendaguro. Nilihesabu. Tisini na kitu. Nikapiga picha chache za kujaribu, kisha nikaanza kuhesabu upya ili nijue ninapiga nini.

Ile kamba ya ziwani ikakatika katikati.

Nilidhani ni wingu. Ikakatika tena. Kisha za sokoni zikaanza kufa mojamoja, kisha tanotano. Misheni ikaondoka yote kwa pamoja, kwa nidhamu. Nilikuwa nikipiga huku nikiona ninapiga nini, mji unaojifunika shuka kichwani. Mwisho nadhani mtu wa mitambo akaona wanamchelewesha, akazima umeme wote.

Rubani akaegemea upande wangu akatazama chini.

"Mzee, mji wako umekwenda wapi?"

"Upo. Umejificha."

"Unamwogopa nani?"

"Wewe."

Akasema mama yake angefurahi kusikia. Akazunguka tena, akidhani labda watarudi. Hawakurudi. Chini hapakuwa na kitu, hata mstari kati ya nchi kavu na maji. Ndipo nilipoiona moja. Magharibi, juu mlimani, nyekundu kuliko umeme. Nikahesabu mara ya pili. Moja.

Nilijua ni moto wa nani. Kitendaguro nzima ilikuwa na msiba mmoja tu.

Nikapiga. Kaunta ya kamera ilisoma ishirini na mbili. Nikavuta filamu, nikabana pumzi, na nikiwa nimeuweka moto katikati ya kidirisha, ukalegea, ukawa kahawia, ukazimika. Kidole kikabonyeza hata hivyo. Ishirini na tatu. Nikabaki nimeshika kamera usoni. Sijui ni muda gani, na hicho ndicho kitu pekee usiku ule ambacho sikukihesabu. Ndege ilikuwa inageuka. Kisha nukta ikarudi, ndogo, ikanenepa. Ishirini na nne.

Rubani akasema mafuta hayamngoji mtu. Tukaelekea kusini mashariki.

Kabla hatujaiacha nchi ya Muleba tuliona mji. Mji kamili, mkubwa kuliko Bukoba, taa nyeupe zimepangwa mitaa kwa mitaa, zinameremeta. Ilikuwa Bumbire, kisiwani. Zilikuwa karabai za wavuvi wa dagaa. Mwezi haukuwepo, na usiku wa giza ndio wao. Hakuna gari la kipaza sauti linalofika majini, na hata kama wangesikia ndege, wenye dagaa kwenye nyavu hawazimi taa. Rubani akasema, mji huo hapo, piga. Nilikuwa na kumi na mbili zilizobaki. Nikazimaliza, pamoja na ile ya thelathini na saba.

Mwanza nililala kwenye nyumba ya wageni nikiwa na viatu. Asubuhi kulikuwa na ukungu ziwani. Tulitua Bukoba saa sita mchana.

Nilipofika nyumbani nilikuta moto unawaka. Lakini nilikuta pia watu wamekaa makundi mawili, na uani kuna matope mahali ambapo palikuwa na majivu. Kigoda cha baba kilikuwa ndani, kimefunikwa. Hawakuanua.

Mdogo wangu akanieleza. Ndege iliposikika, balozi alikuja mbio akiwa na ndoo, akipiga kelele kwamba tunawaonyesha njia. Wanaume wakakimbilia migombani, na simlaumu hata mmoja. Shangazi hakukimbia. Balozi akamwambia asimame apishe. Shangazi akamwambia kwanza ampite yeye. Balozi akamwaga ndoo. Hayo wote waliyakubali. Baada ya hapo palikuwa na hadithi mbili. Balozi aliapa kwamba aliuzima moto wote, na aliusikia ukifa. Shangazi alisema haukuzimika. Waliorudi kutoka migombani waliukuta unawaka, wasijue ni moto uleule au mwingine umewashwa kwa kiberiti.

Baba mdogo akanitazama. "Masharti uliyarudia mwenyewe mara mbili."

"Ndiyo, waitu."

"Moto umezimika au haukuzimika?"

Nikamwambia nina picha.

Nilishuka mjini kwa miguu. Niliisafisha ile filamu mchana huohuo nikaitundika, na ilipokauka nikaikagua kwa kioo cha kukuzia. Ishirini na mbili: nukta. Ishirini na nne: nukta, kubwa zaidi. Kati yake, hakuna kitu. Niliitazama ishirini na tatu mara mbili, nikaigeuza, nikaitazama tena kwa nyuma, kana kwamba moto ungeweza kujificha upande wa pili wa filamu.

Hapo nikafanya kile ambacho muuzaji yeyote angefanya. Nikachapa ishirini na mbili na ishirini na nne, kubwa, zenye weusi mzuri, nikaziingiza kwenye bahasha. Nikafika mlangoni. Nikarudi, nikachapa na ishirini na tatu. Si uaminifu. Nilikuwa najua baba mdogo ataniuliza nilipiga ngapi, na sijawahi kuweza kudanganya kwenye hesabu.

Wazee walizipokea kwa mikono miwili. Kwanza hakuna aliyejali moto. Walikuwa hawajawahi kuiona Kitendaguro kutoka juu, na ingawa picha zilikuwa nyeusi tupu, kila mmoja alitafuta kwake na akapaona. Hapa ni kwangu, alisema mmoja akigusa weusi. Hapana, hapo ni kwangu, wewe uko bondeni, akasema mwingine akigusa weusi wa pembeni yake. Walibishana mpaka wa migomba juu ya karatasi isiyo na kitu. Balozi naye alipewa zamu. Akatafuta handaki lake.

Baba mdogo aliziweka tatu zote gotini kwa kufuatana.

"Hapa unawaka."

"Ndiyo."

"Hapa unawaka." Akaweka kidole kwenye ya katikati. "Na hapa?"

Balozi akainua kichwa. Nikaanza kusema habari za mtetemo wa ndege, na mgeuko, na kidole. Nilisikia maneno yangu yakitoka vizuri, yamepangwa, na nikajua hayauziki.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Tangu nirudi sikuwa nimemtazama vizuri. Akaja mpaka alipoketi baba mdogo, akafungua mkono wa kulia aliokuwa ameuficha ndani ya kanga tangu asubuhi, akauweka juu ya picha. Ulikuwa umefungwa kwa jani la mgomba. Akalivua. Nyama ya kiganja ilikuwa imepauka na kuvimba, na katikati palikuwa na alama nyeusi ya mviringo kama muhuri.

"Hapa," akasema.

Alikuwa amechota kaa kwenye kigae cha chungu ndoo ikiwa inainuliwa. Kigae kilikuwa kidogo, kaa likamtelezea. Akalishika. Akalifunika kwa kanga mpaka balozi alipoondoka, kisha akalirudisha kwenye kuni kavu na kulipuliza.

Balozi alitoa kofia yake. Wanawake ndani wakaanza kulia upya, na mdogo wangu akatoka nje. Mimi nilitazama ule mkono. Nilijua huo ndio ulikuwa wakati wangu, na kwamba kama kilikuwa kipo kitu ndani yangu kingetoka hapo. Nilihesabu vidole vyake. Vitano.

"Moto haukuzimika," baba mdogo akasema. "Hilo tumeliona." Akanikabidhi ishirini na mbili na ishirini na nne, akabaki na ile nyeusi. "Wewe ulikuwa wapi?"

"Juu, waitu."

"Juu ya nani?"

Baba alikuwa amelala hatua ishirini kutoka pale tulipokaa, chini ya udongo mbichi, na ni kweli nilikuwa nimempita kichwani kwa ndege.

"Usiku huo una mwenyewe," baba mdogo akasema, "na si wewe. Tungemkalisha yeye, lakini ni mwanamke, na ni wa Muleba." Akamtazama shangazi kama mtu anayesikitika kwamba duka limefungwa. Wakamwita mdogo wangu.

Ningeweza kupatana. Masharti yalikuwa upande wangu, yote mawili, na mashahidi wapo. Watu waliniangalia wakingoja nianze. Nikazihesabu zile picha mbili, nikazitia kwenye bahasha. Mdogo wangu alikalishwa kwenye kigoda jioni ile, macho yake yakiwa bado yamevimba, na mimi ndiye niliyempiga picha. Nilipewa mibuni ya upande wa chini.

Bwana wa ofisi alipoona picha za mji unaozimika alishika kichwa. Kisha akafika zile za Bumbire. Akazipanga mezani, akaniuliza huko ni wapi. Nikamwambia ni dagaa. Akauliza nani Dar es Salaam anaijua Bukoba usiku. Nikasema hakuna. Ndivyo wavuvi wa Bumbire walivyokwenda kwenye maonyesho wakiwa wameandikwa chini yao "Mji wa Bukoba". Nilisikia watu walisifu mitaa ilivyonyooka.

Shangazi mkono wake ulipona, ila vidole viwili havikunyooka tena. Nimekwenda kwake Muleba mara nyingi. Mwanzoni nilimpelekea ishirini na nne, ile nzuri, ndani ya fremu. Akashukuru, akaifungia sandukuni. Ukutani, kati ya Bikira Maria na kalenda, alitundika ile aliyompokonya baba mdogo siku ileile. Nilimwambia mara mbili kwamba hiyo imeharibika, haina kitu.

"Usiiguse," akasema. "Hapo ndipo nilipoushika moto."

Wageni wakiuliza picha hiyo nyeusi ni ya nini, anawaambia ni ya kaka yake. Halafu ananionyesha kwa kidevu, anasema huyu ndiye aliyeipiga. Wananigeukia wakingoja niseme neno. Mimi huwa nawaambia nilitumia lenzi gani.